Kubadilisha kizingiti na kona ya kebini iliyoliwa na kutu kwenye pikapu ya zamani: mwongozo kamili wa kazi ya nyumbani

Pikapu iliyofanya kazi Mombasa, Tanga, Bagamoyo au Unguja huozea chini kwanza. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kuushikilia juu ya chuma hata siku ya jua kali. Ikiwa gari limewahi kubeba samaki na barafu, hali huwa mbaya zaidi, maana maji ya chumvi hudondoka kwenye chesisi na kuingia kila uwazi.

Mfano wetu hapa ni Toyota Hilux ya kizazi cha tano, iliyotoka kati ya 1988 na 1997, kwa sababu bado zimejaa barabarani na kebini yake imekaa juu ya chesisi kwa raba. Kazi ni ileile kwa pikapu nyingi za rika lake. Tutashughulika na sehemu mbili: kizingiti, yaani lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, na kona ya kebini, pale chini nyuma ya mlango. Mtu mwenye mashine ya MIG, yaani ile ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, na subira anaweza kuzifanya uani kwake.

Jambo la kulielewa kabla ya kununua chochote: kizingiti huoza kutoka ndani kwenda nje. Maji huingia, matope huziba matundu ya kutolea maji, na bati huliwa gizani kwa miaka. Ukiona rangi imetoa malengelenge kwa nje, upande wa ndani umeshakwisha. Ndiyo maana pati (ule mchanganyiko wa kujazia mabonde ya bodi) iliyopakwa juu ya kutu, au bati lililopigwa riveti juu ya bati bovu, halimalizi masika mawili. Maji hunasa kati ya mabati hayo, na lile zima nalo linaanza kuliwa. Hakuna njia ya mkato hapa. Unakata hadi ufike kwenye chuma kizima, unaziba kwa bati jipya, kisha unalinda upande wa ndani. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu.

KUKAGUA

Chukua nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Gonga kizingiti polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilichooza hutoa sauti butu, au vipande vya kutu husikika vikidondoka ndani ya boksi. Kila penye sauti butu, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama, weka alama ya chaki. Ukimaliza, chora mstari wa kukatia sentimita 3 nje ya alama ya mwisho, na uwe tayari kuusogeza ukishafungua.

Kagua pia sakafu iliyo jirani, mabano yanayoshika raba za kebini, na sehemu ya chini ya nguzo yenye bawaba za mlango. Fungua mlango, ushike mwishoni, uuinue. Ukicheza, tazama mchezo uko wapi: kwenye pini za bawaba si neno, lakini bati la nguzo likitembea pamoja na bawaba, nguzo imeoza na kazi imekuwa kubwa kuliko mwongozo huu. Chesisi nayo igonge, hasa karibu na hanga za springi na pale boksi ya stelingi ilipofungwa. Ikibanduka kwa magamba mazito au ikitoboka, acha. Chesisi hushika ekseli na stelingi. Inahitaji chuma kinene na mchomeleaji mwenye uzoefu wa chesisi, na hakuna maana ya kuipamba kebini iliyokaa juu ya chesisi bovu.

Halafu tafuta maji yanaingilia wapi. Mwagia gari kwa mpira wa maji, mwenzako akiwa ndani na tochi. Raba ya kioo cha nyuma iliyokauka hupeleka maji moja kwa moja kwenye kona ya kebini. Majani yaliyoziba njia ya maji chini ya waipa huyashusha kwenye nguzo ya mbele na kizingiti. Milango nayo ina matundu chini. Yakiziba, mlango hujaa maji na kuyamwaga ndani. Ziba na zibua kwanza. Ukichomelea bati jipya na maji bado yanaingia, utarudia kazi.

BATI NA VIFAA

Kona na vizingiti vilivyokwisha kukunjwa hupatikana mara mojamoja kwenye maduka ya spea, kama ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Ukivipata, vipime na gari kabla ya kulipa, kwa kuwa vya kuigiza mara nyingi hupishana milimita kadhaa kwenye mikunjo. Ukikata kutoka gari bovu la skrepa, gonga kwanza kama ulivyogonga lako.

Usipopata, nunua bati jeusi la chuma. Usitumie bati la kuezekea, kwani ni jembamba na zinki yake hutoa moshi wenye sumu ukichomelewa. Kwa kona ya kebini tumia geji 20, ambayo ni karibu milimita 0.9. Kwa kizingiti tumia geji 18, karibu milimita 1.2. Bati nene kuliko hapo halisaidii: utahitaji moto mkubwa kuliyeyusha, na moto huo utatoboa bati la zamani lililo upande wa pili. Nunua kipande cha kila geji kinachotosha sehemu zake, na kibaki cha mazoezi. Tengeneza kielelezo kwa karatasi ngumu ya boksi, ukiibonyeza kwenye kizingiti cha upande uliosalimika zaidi. Kumbuka kwamba upande wa pili ni kinyume chake, kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Mikunjo mirefu ipeleke kwa mafundi wenye mashine ya kukunjia bati. Mkunjo uliopigwa kwa nyundo juu ya mbao hauwi mnyoofu, na jicho litauona kila siku.

Vifaa vingine: grainda ya milimita 115 na diski za kukatia zenye unene wa milimita 1, diski za msasa za namba 60 na 80, brashi ya waya ya grainda, drili na biti ya milimita 8, na ukiweza, biti maalum ya kung'olea madoa ya weldi ya kiwandani, tindo nyembamba, vaisi-gripu (koleo zinazojifunga) zisizopungua sita, jeki na stendi nne, mita na chaki.

Kuhusu mashine ya kuchomelea hatuna maneno mengi ya kulainisha. Mashine ya vijiti inayochomelea mageti haifai kwa kazi hii. Kijiti cha milimita 2.5 hutoboa bati la geji 20 kabla hujahesabu mbili, na tundu unalojaribu kuziba huzaa tundu jingine. Mtungi wa gesi wa mafundi wa zamani unaunganisha vizuri, lakini joto lake husambaa na kupinda bati pana. Tumia MIG yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya argoni iliyochanganywa na hewa ya ukaa, kipimo cha gesi kikiwa lita 8 hadi 12 kwa dakika. Uani penye upepo wa bahari, weka kizuizi cha turubai, la sivyo gesi hupeperushwa na weldi hujaa vitundu kama sponji. Waya usiohitaji gesi hufanya kazi pia, ila ni wa moto zaidi na hutapakaza cheche. Huo nao hutaka nyaya za mashine zigeuzwe, bunduki iwe kwenye hasi. Wengi hulisahau hilo, kisha wanailaumu mashine.

USALAMA KABLA YA CHECHE YA KWANZA

Ondoa nyaya zote mbili za betri na chomoa plagi ya altaneta. Toa viti, kapeti na ule mkeka mweusi wa lami ulioganda sakafuni, angalau sentimita 30 kila upande wa mahali pa kuchomelea. Lami hiyo hushika moto taratibu, upande usiouona. Mabomba ya breki na mafuta yanayopita kando ya chesisi yafunike kwa blanketi nzito iliyoloweshwa. Kama gari ni la petroli, shusha tanki na ulipeleke mbali, na usijidanganye kwamba tanki tupu ni salama: mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Weka karibu kizima moto cha unga na ndoo ya maji, na ukimaliza kuchomelea kaa palepale saa nzima ukichungulia chini na ndani. Usisafishe bati kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia breki kisha ukachomelea. Baadhi yake zina klorini, na joto la weldi huigeuza kuwa gesi inayoharibu mapafu. Tumia asetoni au thina, na uache ikauke kabisa. Miwani ivaliwe muda wote wa grainda, hata kwa mkato wa sekunde tano.

KUKATA

Pandisha gari juu ya stendi zilizokaa chini ya chesisi, si chini ya kizingiti, na hakikisha limelala sawa. Milango ibaki imefungwa kwenye bawaba zake. Pima uwazi kati ya mlango na bodi sehemu sita kuzunguka mlango na uandike. Pima pia pembe kwa pembe, kutoka chini mbele hadi juu nyuma, na kinyume chake. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuambia kama kebini imehama.

Kisha funga mhimili: bomba la mraba la milimita 25, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kwa upande wa ndani ya kebini ili mlango uendelee kufunga. Tumia tundu la bolti ya mkanda wa usalama upande mmoja na doa la weldi upande mwingine. Fanya upande mmoja wa gari hadi uishe ndipo uanze wa pili. Anayekata vizingiti vyote viwili kwa pamoja huishia na mlango usiofunga, na hapo kurudisha ni taabu kubwa.

Kata kwanza dirisha dogo katikati ya kizingiti na uchungulie. Utaona bati la ndani likoje, na kama kuna bati la kuimarisha katikati. Sasa kata bati la nje, sentimita 2 ndani ya mstari wako, ukiacha diski ichungulie tu upande wa pili. Ukiizamisha, utakata bati la ndani ambalo ni zima. Kwenye mdomo wa chini na wa juu, mahali mabati yamebanwa pamoja, piga brashi ya waya hadi uone vishimo vya mviringo vya weldi ya kiwandani. Toboa kila kimoja kwa biti ya milimita 8, bati la nje peke yake, kisha ingiza tindo na utenganishe taratibu. Mwisho punguza hadi kwenye mstari halisi. Ukingo uliokatwa ung'ae kama sarafu mpya. Ukiwa na vidoti vyeusi, kutu ipo bado, sogeza mstari.

Bati la ndani sasa liko wazi, na nafasi hii hutaipata tena. Kwangua magamba yote, piga brashi, na palipotoboka paziba kwanza kwa vipande vidogo. Kutu nyepesi iliyobaki kwenye vishimo ipake dawa ya kugeuza kutu. Ikiwa ni ya asidi ya fosforasi, fuata maelezo ya kopo kuhusu kuosha na kukausha, kwa sababu asidi iliyoachwa hubandua prayma ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayoshika chuma.

KUPIMISHA NA KUCHOMELEA

Pimisha bati jipya mara nyingi kuliko unavyodhani ni lazima. Libane kwa vaisi-gripu, funga mlango, linganisha na vipimo ulivyoandika. Kwenye miisho, bati jipya na la zamani yakutane uso kwa uso na uwazi wa karibu milimita 1 kati yao. Usilaze moja juu ya jingine, maana mpishano huo ni kikombe cha kunasia maji. Kwenye midomo ya juu na chini, toboa bati jipya matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita 4. Matundu haya ndiyo utakayoyajaza kwa weldi badala ya yale madoa ya kiwandani. Nyuso zitakazogusana zipake prayma ya zinki ya kuchomelea, na ndani ya boksi paka epoksi, ukiacha sentimita 4 karibu na weldi.

Fanya mazoezi kwenye vipande vya mabaki vya unene uleule. Anza na ampea 40 hadi 50 kwa geji 20, ongeza kidogo kwa geji 18. Geuza kipande uangalie mgongo. Weldi nzuri inaonekana imepenya kidogo upande wa pili. Ikiwa imekaa juu tu kama tone la nta, moto ni mdogo. Mara nyingi kosa si mashine bali ni waya wa umeme: kebo ndefu nyembamba iliyozungushwa kwenye roli hula nguvu na kupata moto. Tumia kebo ya milimita 2.5 za mraba na uikunjue yote.

Weka doa moja kila mwisho, moja katikati, kisha katikati ya katikati, hadi madoa yapishane kwa sentimita 3 hivi. Funga mlango tena. Kama kuna kilichohama, kata madoa urekebishe. Sasa ni dakika kumi, baadaye ni siku nzima. Ndipo uanze kujaza, doa moja huku, jingine mbali kule, ukirukaruka. Subiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya bati ndipo urudi palepale. Chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa na kuvuta kila kilicho jirani. Ukichora mstari mrefu wa weldi kwa mkupuo mmoja, kona ya kebini itaingia ndani na kuwa bonde, na bonde la weldi halitoki kwa pati. Likiingia kidogo, pokea kwa nyuma kwa kipande cha chuma kizito na ugonge juu ya weldi kwa nyundo bapa ili itanuke.

Ukitoboa, usiendelee kufukuza tundu. Acha ipoe, weka nyuma yake kipande cha shaba, hata bomba la maji la shaba lililopondwa bapa, na ujaze kuanzia ukingoni. Weldi haigandi kwenye shaba, na shaba hunyonya joto.

Punguza weldi kwa diski ya msasa ya namba 60, ukigusa weldi peke yake na kuhamahama. Bati likigeuka bluu umelichoma. Usiku, ingiza taa ndani ya boksi kupitia tundu la maji; kila nukta ya mwanga ni tundu la kuzibwa.

PRAYMA, PATI NA RANGI

Hapa tutapita haraka, kwani rangi ina mwongozo wake. Futa mafuta, paka epoksi mara mbili ndani ya siku ileile uliyopunguza weldi, maana pwani chuma kilicho wazi hupata rangi ya machungwa usiku mmoja tu. Pati ije juu ya epoksi iliyokwaruzwa kwa msasa wa namba 80, isizidi milimita 3, na hadna (dawa ya kugandisha) iwe gramu 2 kwa kila gramu 100 za pati. Ukizidisha hadna kwenye joto, pati hugandia mkononi, na baadaye hutoa doa kupitia rangi. Piga msasa mkavu. Pati hunywa maji. Viungo vyote vya mabati vipake sila ya bodi kabla ya rangi, na uso wa chini wa kizingiti upate ile rangi nene ya kuzuia mawe.

Rangi ya kuchanganywa na hadna hutoa ukungu wenye isosaiyaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haizuii. Kama huna barakoa yenye hewa safi ya bomba, peleka gari likapuliziwe kwenye chumba cha rangi. Wewe umeshafanya sehemu iliyo ngumu.

UPANDE WA NDANI

Rangi ikishakauka kabisa, ngoja wiki moja, kisha puliza nta ya mabodi ndani ya kizingiti na kona, kwa mpira mwembamba wenye ncha inayotawanya pande zote. Uingize kupitia matundu ya maji hadi mwisho, na uuvute polepole huku unapuliza. Endelea mpaka nta idondoke kwenye viungo vya chini. Joto la weldi limeunguza prayma yote ya mgongoni, kwa hiyo bila nta sehemu hiyo ni chuma kitupu. Bidhaa za lanolini hufanya kazi vizuri pia. Grisi ni nzito, haipenyi kwenye mikunjo. Oili chafu ya injini inapendwa kwa kuwa ni ya bure, lakini ina asidi na uchafu wa mwako, hulainisha raba za kebini, na hudondoka ardhini hadi iishe.

Siku inayofuata, pitisha kijiti kwenye kila tundu la kutolea maji, kwani nta huyaziba. Rudia nta kila mwaka kabla ya masika. Gari likibeba samaki au likipita ufukweni, mwagia chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi jioni hiyohiyo, ukielekeza mpira juu ya vizingiti, nyuma ya magurudumu na ndani ya reli za chesisi, hadi maji yanayotoka yawe safi.